Maji Yanatokea, Maji Inatokea

Nianze na kosa langu, maana bila kosa hilo nisingekuwa na la kuandika. Siku moja ya Machi, nikiwa nimekaa ndani ya maji hadi kifuani, nilimsahihisha mama mmoja sarufi. Alikuwa anafua nguo juu kidogo ya pale tulipokuwa. Alinyoosha mkono kuelekea vilimani akatuambia: "Batoto, maji inatokea kule juu." Nami nikamjibu kwa heshima zote, tena nikitabasamu: "Yanatokea, mama. Maji yanatokea." Wenzangu wakacheka. Mama hakucheka wala hakujibu. Alizoa nguo zake, akazitia kwenye beseni, akajitwika, akapanda mteremko bila kugeuka nyuma. Tulidhani amemaliza kufua.

Tulikuwa tisa, wote wa promosiyo moja, tumetoka mjini asubuhi kwa pikipiki kupumzika baada ya mitihani. Mahali penyewe ni bonde jembamba la mwamba, lililochongwa na kijito kinachoshuka kutoka vilima vya magharibi na kujimwaga katika Lukuga. Jina lake sitalitaja. Waliotupokea pale hawataki pageuke uwanja wa wageni wa Jumapili, na baada ya yale tuliyoyafanya sina haki ya kuwapuuza mara ya pili.

Asiyewahi kuona bonde la namna hiyo afikirie ngazi kubwa ya mawe, na kila kipandio cha ngazi kina shimo lililojaa maji. Mashimo hayo hayakuchimbwa na mtu. Jiwe dogo hunaswa katika ufa, maji hulizungusha, nalo husaga mwamba kama mchi unavyosaga kinu. Likiisha kusagika, huja jingine. Miaka elfu na elfu ya kazi hiyo huacha shimo la mviringo lenye kingo laini, na mtu anaweza kuketi ndani yake kama katika karai. Sisi tulipaita "pisini". Pote, juu hadi chini, pisini tu. Watoto wa pale walikuwa na jina kwa kila shimo: moja liliitwa Kitanda, kwa kuwa lina kina kifupi na jiwe la kulalia, jingine liliitwa Chungu, na hilo hawaingii kabisa, maana maji yake huzunguka na kuvuta chini. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya Chungu. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa jina lake, nikalikuta la kupendeza, nikaliandika kwenye simu kwa ajili ya kazi ya semantiki.

Mbingu juu yetu ilikuwa nyeupe na jua kali. Kwanza maji yalibadilika rangi, yakawa kama chai. Kisha yakaja majani na vijiti. Kisha tukasikia sauti, ambayo siwezi kuifananisha na mvua. Ilikuwa kama gari moshi linalopita darajani. Aliyekuwa karibu nami alinishika kwapa akanitoa. Mwenzetu mwingine aliteleza, akapigwa kwenye mwamba, akavunjika mkono. Kandambili, mifuko, simu mbili na ile orodha yangu ya majina vilikwenda Lukuga. Kwa muda wa kama nusu saa hapakuwa na Kitanda wala Chungu, palikuwa na maji ya udongo tu yakipita ukuta hadi ukuta. Mvua ilikuwa imenyesha vilimani, mbali, mahali tusipopaona. Mama alikuwa amepaona. Tulimkuta juu ya mteremko, beseni lake pembeni, akitutazama kama mtu anavyowatazama wagonjwa.

Sasa nije kwenye lugha, maana hili ni jarida la lugha, na ninaona kisa chote kiko ndani ya kitenzi kimoja.

Niliposikia "maji inatokea kule juu", nilielewa somo la jiografia: maji ya kijito hiki chanzo chake ni kule juu. Mama alikuwa anasema: maji yanakuja, sasa hivi. Mtu atasema utata huo uko katika Kiswahili chenyewe, kwa sababu -na- hubeba mambo mawili, lile linaloendelea na lile la kawaida. Katika Kiswahili Sanifu ndivyo ilivyo. Na tazama ajabu ya sahihisho langu: nilipobadilisha i- kuwa ya-, sikuondoa utata hata chembe. Sentensi yangu safi ilikuwa na maana mbili zilezile.

Sentensi ya mama ndiyo haikuwa na maana mbili. Mtu wa Kalemie akitaka kusema jambo la kawaida, la kila siku, anaongeza -ka mwishoni: tunakulaka, anakuyaka, inatokeaka. Kama angetaka kunifundisha chanzo cha kijito, angesema "maji inatokeaka kule juu". Hakuiweka hiyo -ka. Kutokuwapo kwake kulikuwa habari yenyewe: si desturi, ni sasa. Kwa sikio la mji huu lilikuwa onyo lisilo na shaka. Na mimi si mgeni wa mji huu. Nyumbani nasema "tunakulaka" kila jioni. Nilichokosa siku ile si kujua. Miaka mitatu ya kusahihishwa na kusahihisha imenifundisha kuisikia lugha ya mama kama Kiswahili kilichoharibika, na kitu kilichoharibika hatukisikilizi, tunakitengeneza.

Hatuko wa kwanza kudanganyikia kitenzi cha maji pwani hii. Machi 1858 Speke alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kawele, karibu na Ujiji, akafika kisiwa cha Kasenge, upande wetu huu wa magharibi, kutafuta jahazi la Sheikh Hamid bin Sulayyim. Burton na Speke walitaka kujua jambo moja kuliko yote: Rusizi, kule kaskazini, unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, huenda ndio Nile. Speke akarudi na jibu la Sheikh kwamba unatoka. Baadaye Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkalimani, akasema hapana, Sheikh alimaanisha kinyume. Mwezi uliofuata wenyeji wa Uvira waliwaambia wazi kwamba mto unaingia, na mwaka 1871 Livingstone na Stanley wakaenda kuuona kwa macho, unaingia kweli. Kumbukeni jinsi jibu lile lilivyosafiri. Speke hakukijua Kiswahili. Yeye na Bombay walizungumza Kihindustani. Neno lilitoka kinywani mwa Sheikh, likapita kwa Bombay, likafika kwa Speke, na alichotuachia Speke ni Kiingereza chake.

Mimi nikisoma kisa hicho nalishuku neno lilelile: kutokea. "Ametokea Kigoma" ni mtu aliyeanzia Kigoma. "Ametokea mlangoni" ni mtu aliyechomoza mlangoni. Basi mto unaotokea ziwani unafanya nini? Unaanzia ziwani au unachomozea ziwani? Ni dhana yangu tu, wahadhiri wa isimu wanaweza kuivunja. Lakini ningependa wanaoivunja waivunje kwa Kiswahili cha watu wa ziwa, si kwa kamusi peke yake.

Na Lukuga wetu wenyewe ulileta ubishi kama huo. Mei 1874 Cameron alifika mlangoni pake, akaambiwa na mtawala wa pale kwamba maji yanakwenda hadi Lualaba na kwamba watu wake husafiri zaidi ya mwezi kandokando yake. Aliingia kwa mtumbwi, akazuiwa na matete, lakini akaamini. Julai 1876 Stanley akaja, akakuta kizingiti cha matope na matete, akasema bado maji hayatoki, ingawa yatatoka. Wazungu wakabishana nani mkweli. Wenyeji walikuwa na majina tofauti: Stanley mwenyewe aliandika kwamba sehemu ile ya matope iliitwa Mitwanzi, na maji yanayokwenda magharibi yaliitwa Luindi. Majina hayo yalikuwa tayari yanasema kwamba mto huu si kitu kimoja, una mahali unapolala na mahali unapokwenda. Ziwa likaendelea kupanda, mnamo 1878 likakivunja kizingiti, na mwaka uliofuata mmisionari Hore akauona Lukuga ukitoka kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka karibu meta 10. Reli ya kutoka Kabalo, iliyofika hapa mwaka 1915, inafuata bonde lilelile ambalo mtawala yule alisema watu wake hulipita kwa miguu.

Nataja haya kwa sababu katika kozi zetu Lukuga hutokea mara moja tu, kama mfano wa nomino ya pekee.

Si ugonjwa wa Kalemie peke yake. Kenya kuna korongo la Ol Njorowa, mwamba uliochongwa na maji karibu na Naivasha. Mwaka 1883 wasafiri Fisher na Thomson waliipa sehemu ile jina la Lango la Jehanamu, kwa Kiingereza, na jina hilo ndilo lililoandikwa kwenye lango la hifadhi. Mwaka 1912? La, Aprili 2012, mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana wa kanisa waliokuwa matembezini humo, na Septemba 2019 yakawachukua watalii pamoja na kiongozi wao. Mara zote maji yalitoka mbali. (Niliandika 1912 kwa haraka, na nimeliacha kosa hilo makusudi, ili msomaji aone kwamba hata mimi husahihishwa.) Na sisi mkoani kwetu tunalo Lango letu la Jehanamu, kule Kongolo, Lualaba inapobanwa na mawe, jina hilo nalo tumelipata kwa Kifaransa. Majina yote mawili yanamtisha msomaji bila kumwambia lolote. Chungu kinakwambia kitu: humo mnazungushwa.

Oman kuna mabonde mazuri zaidi ya yetu. Wadi Shab ina maji ya kijani kati ya kuta za mwamba, na watu huogelea hadi pangoni penye maporomoko. Wadi Bani Khalid ina madimbwi yasiyokauka. Kule mafuriko yakija hawasemi maji yamekuja, wanasema wadi imeshuka. Bonde na maji yake ni neno moja, kwa hiyo hakuna anayeweza kulisifu bonde akalisahau jambo linaloweza kushuka ndani yake. Hata hivyo neno halitoshi: Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliwaua watoto wa shule huko Samad al-Shan. Sidai kwamba kamusi inaokoa watu. Nadai kwamba onyo husemwa katika lugha fulani, na lugha hiyo mara nyingi ni ya yule anayeishi karibu na maji.

Baada ya ajali tulichanga, tisa sisi, tununue ubao na rangi tuuweke mwanzo wa njia ya kuingia bondeni. Maneno yalikuwa mistari miwili. Wa juu: MAJI HUSHUKA HATA BILA MVUA. UKISIKIA SAUTI JUU, TOKA. Wa chini: MAJI INASHUKAKA HATA MVUA HAIKO. UKISIKIA SAUTI KULE JUU, TOKA. Tuliomba jina la kitivo liandikwe chini, ili ubao uheshimiwe. Mwalimu wetu mmoja, mtu ninayemheshimu na aliyenifundisha mengi, alisoma akachukua kalamu akaukata mstari wa pili. Kitivo cha lugha, alisema, hakiwezi kuweka jina lake chini ya "inashukaka". Wanaotaka kututukana wasipewe ushahidi kwa herufi kubwa.

Hoja yake si ya kipuuzi. Kiswahili Sanifu ndicho kinachonivusha Kigoma na kunifikisha Nairobi; ndicho ninachoandikia makala haya, na nisingekuwa nacho mngenisoma wachache. Tena ni kweli kwamba mtoto wa Kalemie akisoma "hushuka" ataelewa, kwa kuwa ameisikia kanisani na redioni. Mwalimu aliongeza kwamba tukianza kuandika kila mtu anavyosema, kesho kila mtaa utakuwa na sarufi yake. Ninamjibu kwamba mtaa tayari una sarufi yake, na nimeionja nikiwa ndani ya Chungu.

Tukumbuke pia usanifu ulivyoanza. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na lahaja iliyochaguliwa ni Kiunguja. Kongo haikuwamo. Hilo halikifanyi Kiswahili Sanifu kuwa kibaya, ila linatufanya tuwe wageni katika nyumba tunayoilinda kwa ukali kuliko wenyeji wake. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, haikusema Kiswahili cha wapi. Wala si kweli kwamba lugha yetu haiandikiki. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa nyumba za Wazungu, aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili hicho hicho cha Katanga. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Watu wa mbali wamekaa na maandishi hayo miaka, neno kwa neno, wakati sisi tunayapitishia kalamu nyekundu.

Ninaloomba ni dogo. Kazi za mwisho wa mzunguko wa kwanza nyingi katika kitivo chetu huchambua riwaya za Tanzania, mara nyingine riwaya ileile kwa mara ya tano. Riwaya ni nzuri, ziendelee. Lakini nusu yetu tungeweza kwenda Lukuga na ziwani na kinasa sauti, kwa wavuvi, kwa wafuaji, kwa waendesha mitumbwi, tukauliza: maji haya yanafanya nini, na mnasemaje? Tuandike -ka inapoonekana na inapokosekana. Tuandike majina ya mashimo. Ziwa limepanda miaka hii, watu wamehama nyumba zao za ufukoni, na lazima kuna maneno ya kupanda huko ambayo yanasemwa sasa na hayako kwenye karatasi yoyote. Na sharti moja liwekwe katika kozi ya utafiti: mtafiti asimsahihishe msemaji.

Ubao bado uko chumbani kwetu, umepakwa rangi nyeupe, hauna neno. Wenzangu watano wanataka mstari mmoja ili mambo yaishe, wanne tunataka miwili. Aliyevunjika mkono yuko upande wa mstari mmoja. Anasema ubao wowote ni bora kuliko ubao mweupe, na sijapata jibu zuri la kumpa.

Mwezi wa Julai nilirudi bondeni peke yangu. Kiangazi kilikuwa kimekwisha kuyapunguza maji. Kitanda kilikuwa kikavu nusu, Chungu kilikuwa kimetulia, chini yake yakionekana mawe madogo ya mviringo, yale yanayosaga. Mama yule alikuwa palepale na beseni lake. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza mimi ni nani na nimekuja kuomba msamaha. Hakuningoja nimalize.

"Njo weye ule wa *yana*?" aliuliza, akaita watoto waje waniangalie.